Bastola ya "Manowari na Bomba Tatu": Kisa cha Luger ya Majini Iliyozaliwa Nchi Kavu

Maelezo ya muuzaji yalikuwa haya: Luger ya jeshi la majini la Ujerumani, mtutu wa milimita 150, kiwanda cha DWM Berlin, mwaka 1917 juu ya chemba (chumba cha risasi), namba zote zinalingana, chapa ya bohari ya Kiel mgongoni mwa mpini, imetoka kwa baharia wa manowari ya Kijerumani SMS Königsberg aliyekamatwa Afrika Mashariki. Karatasi pekee iliyoambatana nayo ni barua ya mjukuu wa ofisa wa Kiingereza, iliyochapwa kwa kompyuta. Bei iliyotajwa ilikuwa ya bastola safi ya majini, na juu yake nyongeza ya hadithi.

Kisa ni cha mfano: namba ya bastola, muuzaji na barua vimetungwa ili kasoro zote zikutane mahali pamoja. Kasoro zenyewe hazikutungwa, zinakutwa sokoni, na historia inayotumika kuzipima ni historia iliyotokea.

Mnunuzi wa silaha za namna hii ananunua vitu viwili kwa mkupuo, chuma na hadithi, na kila kimoja kina vipimo vyake. Kosa kubwa ni kuacha kimoja kimdhaminie mwenzake: "Chapa ya Kiel ipo, basi hadithi ni kweli," au, "Familia ni ya watu waungwana, basi chapa ni halisi." Hapa tunaanza na hadithi, si kwa uzito wake, bali kwa sababu kuivunja hakuhitaji hata bisibisi.

Kalenda ya meli

Königsberg iliondoka Kiel tarehe 25 Aprili 1914 na kutia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni. Wenyeji waliipachika jina la "Manowari na bomba tatu" kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Ilimalizwa humo tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za Kiingereza za maji mafupi, Severn na Mersey. Kapteni Max Looff na mabaharia waliobaki waliingia katika vita vya nchi kavu chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki, na mizinga yao ya milimita 105 ikaopolewa na kukokotwa bara. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Kila bastola iliyokuwa ndani ya meli hiyo, basi, ilitoka Ujerumani kabla ya Mei 1914. Bastola yenye 1917 kwenye chemba haikuwa imetengenezwa bado. Mwaka huo ni mwaka wa kutengenezwa, hauna maana nyingine. Mwaka unaozua utata ni 1920, ambao uligongwa baada ya vita kama alama ya mali ya serikali kwenye silaha zilizokwisha kuwako, ndiyo maana zipo bastola zenye miaka miwili. 1917 haina utata huo.

Muuzaji wa hadithi hii huwa na jibu tayari: bastola ililetwa baadaye na meli za msaada. Meli za msaada zilikuja kweli, nazo zina tarehe. Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, ikashambuliwa na HMS Hyacinth, na sehemu kubwa ya shehena ikaokolewa. Marie ilifika Sudi, pwani ya kusini, Machi 1916. Baada yake hakuna meli iliyopenya. Jaribio la mwisho lilikuwa la angani: Novemba 1917 ndege-puto L59 iliruka kutoka Jambol, Bulgaria, ikiwa na risasi na dawa, ikageuzwa njiani ikiwa juu ya anga ya Sudan, ikarudi ilikotoka bila kutua Afrika. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika kalenda hiyo hakuna tundu la kupitisha bastola ya 1917.

Hata kama mwaka ungekubali, chapa ya mgongoni isingetosha. W.K. ni Werft Kiel, W.W. ni Werft Wilhelmshaven. Inayofuata ni namba ya silaha katika bohari ile. Chapa inasema bohari gani ilimiliki silaha, haisemi ilipandishwa meli gani. Kuiunganisha bastola na Königsberg kunahitaji karatasi ya wakati ule yenye namba ya bastola yenyewe: hati ya kukabidhi nyara, orodha ya mali za marehemu, kitabu cha usajili cha jumba la makumbusho. Picha ya ofisa ameshika Luger haitoshi, kwa kuwa namba haisomeki kwenye picha. Barua ya mjukuu, hata akiwa mkweli kabisa, ni ushahidi wa alichosimuliwa.

Hadithi imeanguka. Bado chuma kinaweza kuwa Luger halali ya majini ya mwaka 1917, na hiyo peke yake ni bastola inayotafutwa. Wanunuzi wengi hukomea hapa: wanakataa nyongeza ya hadithi, wanalipa bei ya bastola ya majini, wanajiona wajanja. Muuzaji mzoefu huitia chumvi hadithi makusudi, mnunuzi apate cha kubomoa kisha asichunguze kilichobaki.

Luger tatu na moja iliyo karibu mno

Vita vya Kwanza vya Dunia vina Luger za kijeshi za aina tatu. Ya majini, iliyokubaliwa mwaka 1904, ina mtutu wa milimita 150 na shabaha ya nyuma yenye hatua mbili, mita 100 na mita 200, iliyowekwa juu ya kiwiko. Ya jeshi la nchi kavu, P.08, ina mtutu wa milimita 100, na shabaha yake ya nyuma ni mkato tu usiosogea. Ya tatu ni LP.08, inayoitwa ya mizinga kwa sababu ilikuwa silaha ya askari wa mizinga: mtutu wa milimita 200 na shabaha ya kupanda iliyopigwa mistari hadi mita 800, ikiwa juu ya mtutu wenyewe.

Majina ya sehemu yatakayotumika hapa ni haya. "Uma" ni sehemu ya juu inayobeba mtutu, inaitwa hivyo kwa matawi yake mawili kwa nyuma. "Kiwiko" ni viungo viwili vinavyojikunja kwenda juu bastola inapofyatuka, kiungo cha nyuma kikiwa na vile vifundo viwili vya duara vya kushikia. "Kizibo" ni kipande cha mbele kinachoziba chemba na kubeba pini ya kugonga.

Bastola ya kisa hiki, kama itakavyoonekana, ni P.08 iliyoghushiwa iwe ya majini. Kwa nini mghushi alichagua P.08 ya 1917? Luger za majini zote zina kipande kidogo cha chuma kinachotokeza chini ya mgongo wa mpini, cha kuchomekea kitako cha mbao cha begani. P.08 za mwanzo hazikuwa nacho, ila kuanzia 1913 jeshi la nchi kavu nalo likakiweka. P.08 ya 1917 inacho. Haina sefti ya kubana kwenye mpini, na Luger ya majini ya miaka hiyo nayo haina. Tofauti zinazoonekana kwa mbali ni mbili tu, mtutu na shabaha ya nyuma. Vyote viwili vinauzwa vikiwa vipya, vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka Luger ndefu ya kulenga shabaha. Hakuna kosa kuvitengeneza. Kosa linaanza pale vinapogongwa chapa za taji, alama za wakaguzi wa kijeshi.

Kabla ya kuifungua

Uchunguzi unafanywa na mtu mwenye kibali au mbele ya fundi bunduki aliyesajiliwa, na muuzaji akiwa amekubali kwa maandishi bastola ifunguliwe. Anayekataa kufunguliwa bastola ya bei hii amekwisha kukujibu.

Magazini inatoka kwanza. Halafu kiwiko kinavutwa juu na nyuma, chemba inatazamwa kwa tochi na kuguswa kwa ncha ya kidole. Kwa Luger agizo hili lina sababu ya ziada. Upande wa kushoto wa uma kuna fimbo ndogo inayoachia pini ya kugonga. Uma ukishachomolewa kwenye fremu, yaani sehemu ya chini yenye mpini, fimbo hiyo inabaki wazi, na ikiwa chemba ina risasi na pini imevutwa, kuibonyeza kwa kidole gumba kunafyatua. Nusu ya bastola iliyolala mkononi, bila mpini wala kifyatulio, inaweza kuua.

Kuifungua hakuhitaji kifaa. Mtutu unasukumwa nyuma kiasi cha sentimita moja ukiwa umebanwa juu ya meza ya mbao, komeo lililo juu ya kifyatulio upande wa kushoto linageuzwa robo duara kwenda chini, kibao cha pembeni kinanyanyuliwa, na uma wote unateleza mbele na kutoka. Pini ya nyuma ikichomolewa, kiwiko na kizibo vinatoka. Viganja vya mbao vya pande mbili za mpini vinaachiwa mwisho, kwa bisibisi inayojaza mkato wa skrubu barabara. Cha kushoto kinanyanyuliwa kuanzia chini: ncha yake ya juu inapita chini ya wenzo wa sefti, na ndipo viganja vingi vya Luger vilipomeguka. Ncha hiyo ikiwa nzima kabisa kwenye bastola ya zaidi ya miaka mia moja, uliza kama mbao ni za juzi.

Vifaa vya uchunguzi: kioo cha kukuza mara 10, tochi ndogo ya mwanga mweupe, kalipa ya vernia, rula ya chuma iliyonyooka na kijiti cha mbao kinachopita mtutuni bila kukwaruza.

Mtutu

Urefu wa mtutu wa Luger unapimwa kutoka mdomoni hadi uso wa kizibo kikiwa kimefungwa. Kijiti kinaingizwa mpaka kigote, kinatiwa alama, kinapimwa. Kilitoa milimita 150, kama ilivyotarajiwa. Kipimo hiki hukamata mitutu ya LP.08 iliyokatwa ovyo, hakikamati mtutu mpya.

Mtutu ulijisaliti kwa mambo mengine. Ndani, mifereji ilikuwa na makali ya kiwandani na inang'aa kama kioo, wakati uso wa kizibo, kuzunguka tundu la pini, ulikuwa umeliwa vishimo vidogo vyeusi. Vishimo hivyo ni kazi ya fataki za risasi za zamani, zilizoacha chumvi yenye kuvuta unyevu. Chumvi hiyo haichagui, inakula kizibo na chemba na mtutu. Kizibo kikongwe na mtutu msichana havikuishi nyumba moja.

La pili ni mstari wa ulinganifu. Chini, pale ukingo wa mtutu unapokutana na uma, kiwanda kiligonga mstari mmoja kwa pigo moja, nusu ukiwa juu ya mtutu na nusu juu ya uma, ili fundi ajue mtutu umekazwa mpaka mahali pake. Kwenye bastola hii nusu mbili hazikukutana: ya uma ni pana yenye kingo zilizolainika, ya mtutu ni nyembamba na kali, imepita pembeni kwa takriban milimita moja. Mtutu halali uliobadilishwa na fundi wa jeshi nao huweza kuwa na mistari miwili, kwa hiyo hili peke yake si hukumu.

La tatu ni namba. Fremu, mbele chini ya mtutu, ina 5847 na herufi ndogo c chini yake. Mtutu nao una 5847 na c. Ndiyo "namba zinazolingana" za muuzaji. Linganisha tarakimu na mwenzake wa bastola ileile, usihangaike na picha za vitabuni. Tarakimu 8 ya fremu ina tundu la juu dogo kuliko la chini, na kingo zake zimevimba kidogo kwa chuma kilichosukumwa na pigo. Tarakimu 8 ya mtutu ina matundu yanayokaribia kulingana, na kuzunguka kwake chuma ni bapa. Nne ya fremu ina mkia mrefu, ya mtutu ina mkia mfupi. Mihuri miwili, mikono miwili.

Kiwiko

P.08 ya miaka hii inabeba tarakimu mbili za mwisho za namba karibu kila kipande: komeo, kibao cha pembeni, kifyatulio, wenzo wa sefti, kitoa ganda, kiungo cha mbele, kiungo cha nyuma, hata viganja kwa ndani. Zinatakiwa kusoma 47 kote. Zilisoma 47 kote, pamoja na kiungo cha nyuma chenye shabaha ya majini.

Kiungo hicho kiligeuzwa chini ya kioo. Chuma cha Luger kilifuliwa kisha kikachongwa kwa mashine, na mahali pasipoonekana mchongaji hakuhangaika kupang'arisha: utaona mikwaruzo sambamba, midogo, yote ikielekea upande mmoja, kama nyuzi za kitambaa. Kiungo cha mbele kilikuwa na nyuzi hizo. Cha nyuma, kwa chini, kilikuwa na uso wa ngozi ya chungwa, wenye vitundu vidogo vya duara hapa na pale. Hicho ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Shabaha yenyewe iliteleza kati ya mita 100 na 200 kwa kubonyeza kitufe chake, lakini kwa ulegevu, na mistari ya kutulia haikuwa na uchakavu wowote.

Ubavu wa kulia wa uma

Luger ya jeshi la nchi kavu ilikaguliwa na wakaguzi wa jeshi hilo. Ubavuni mwa uma waliacha alama ndogo tatu, kila moja taji juu ya herufi ya Kigothi, na tai wa jaribio la kufyatuliwa kwa baruti nzito. Luger ya majini ilikaguliwa na majini, na alama yao ni taji juu ya herufi M. Mitutu na viwiko hubadilishwa, lakini uma ndio uliokaguliwa. Ukiwa na dakika tano tu za kutazama bastola ya namna hii, zitumie zote hapa.

Uma huu ulikuwa na taji-M mbili na kitu kama tai. Tochi ililazwa chini kabisa, mwanga uteleze juu ya chuma kama jua la alasiri juu ya mchanga. Mwanga wa namna hiyo unaonyesha mabonde. Eneo la chapa lilikuwa limebonyea, kama sahani ya chai isiyo na kina. Rula ilipowekwa juu yake na tochi nyuma, mwanga ulipenya katikati na kuzibwa pembeni. Kalipa ilisoma unene wa ukuta ukiwa pungufu kwa milimita 0.15 ukilinganisha na pointi iliyo sentimita moja nyuma. Mashine ya kiwanda haichongi bonde. Bonde huchongwa na tupa na msasa vinavyofuta kitu.

Na kilichofutwa hakikufutika chote. Pigo la muhuri haliishii pale linapoonekana: chuma kilicho chini yake hubanwa na kuwa kigumu zaidi, na baada ya kusagwa na kutiwa rangi upya hushika rangi tofauti kidogo. Chini ya M ya kwanza, kupitia kioo, ulionekana mkia uliojikunja kwenda kushoto, ambao M haina. Ni mkia wa herufi ya Kigothi. Juu yake taji jipya lilikaa juu ya kivuli cha taji la zamani, limepishana nalo kwa upana wa unywele, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia.

Hapo bastola ikawa imeshajieleza: P.08 ya nchi kavu, iliyokaguliwa na jeshi la nchi kavu, ikavalishwa sare ya baharia.

Rangi

Kwa kuwa rangi inaathiri bei hata ya P.08 ya kawaida, ilitazamwa pia. Hadi miaka ya 1930 Luger zilitiwa rangi ya buluu-nyeusi kwa njia ya kutu: sehemu inapakwa tindikali dhaifu, inaachwa ishike kutu laini, inachemshwa, inasuguliwa, inarudiwa. Kazi hiyo ilifanywa nje tu. Ndani ya fremu, ndani ya tundu la magazini, chuma kilibaki cheupe, na kwa miaka kikawa kijivu. Njia ya baadaye ni kutumbukiza kipande kizima kwenye chumvi za moto, na chumvi hazina ubaguzi, zinatia weusi nje na ndani. Hapa tundu la magazini lilikuwa jeusi tii hadi chini. Bastola ilitumbukizwa.

Vipande vidogo, yaani kifyatulio, komeo, wenzo wa sefti na kitoa ganda cha pembeni, kiwandani vilipewa rangi ya majani makavu kwa kupashwa moto kiasi cha nyuzi 220 hadi 240. Ukizidisha, rangi inageuka zambarau, halafu buluu kuelekea nyuzi 300. Mghushi alitumia mwali wa gesi. Kifyatulio chake kilikuwa njano katikati na kimepita kuwa zambarau kwenye ncha, kwa kuwa ncha ni nyembamba na inashika joto haraka. Kiwandani joto lilienea sawa.

Chapa ya mgongoni

Mgongo wa mpini ulikuwa na vishimo vya kutu vya zamani, vilivyosuguliwa lakini havikuisha. Herufi W.K. na namba yake zilipita juu ya vishimo hivyo. Mahali mguu wa K ulipokatiza kishimo, ukingo wa kishimo ulikuwa umekandamizwa kuingia ndani ya mguu. Kutu ilitangulia, muhuri ukafuata. Chapa ya kweli ingeliwa na kutu pamoja na chuma kilichoibeba.

Magazini ndiyo kitu cha pekee kilichosema kweli tangu mwanzo. Kitako chake cha mbao kilikuwa na namba nyingine kabisa na alama ya msalaba, kama +. Jeshi lilitoa magazini mbili kwa kila P.08, zote zikiwa na namba ya bastola, na ile ya akiba ikiongezwa +. Ni magazini halali ya akiba ya P.08 fulani, si hii. Mghushi aliiacha kama ilivyo, pengine kwa kuwa mbao kavu hupasuka ukijaribu kuifuta. Siku hizi magazini halali peke yake ina wanunuzi wake, na katika mzigo huu ilikuwa kipande chenye heshima kuliko vyote.

Thamani na sheria

P.08 ya 1917 iliyobadilishwa mtutu na kiwiko, ikasagwa chapa na kutumbukizwa kwenye chumvi, si kitu cha mkusanyaji. Ni bastola ya kulengea shabaha, kama fundi atathibitisha kuwa ni salama. Hairudishiki pia. Kuirejeshea mtutu wa milimita 100 na kiungo cha nyuma cha kawaida kunaiondolea sare ya uongo, lakini chapa za wakaguzi zilizosagwa zimekwenda. Asiyejua huambiwa "itengeneze upya ipande bei". Kila kutengeneza upya kwa silaha ya namna hii kunashusha bei, na uma uliosagwa mara mbili unafika mahali pa kuwa hatari kwa mpigaji.

Kughushi kunaweza pia kumfikisha mnunuzi mahakamani. Marekani inahesabu bastola yenye kitako cha begani na mtutu chini ya inchi 16 kuwa bunduki fupi inayotakiwa kusajiliwa. Luger halali za majini na za mizinga zimeondolewa kwenye takwa hilo kwa sababu zilitolewa na vitako vyao. P.08 iliyorefushwa mtutu siyo mojawapo. Muuzaji huyu alikuwa anauza na kitako. Uingereza ilipiga marufuku bastola mwaka 1997, ikaacha mlango mwembamba, kifungu cha 7, kwa silaha za thamani ya kihistoria. Anayeomba kwa jina la Luger ya majini huku mtutu na kiwiko ni vya kisasa anaomba kwa maelezo yasiyo kweli. Tanzania na Kenya kila bastola ni silaha ya kibali, iwe na kutu, iwe haina risasi, iwe ya babu. Inayookotwa darini pwani hupelekwa polisi kwanza, na mwenye nia ya kuihifadhi huzungumza na makumbusho kupitia huko huko. Kuisafirisha ni kibali kingine, pande zote mbili.

Mnunuzi alirudisha bastola ndani ya siku za kurudishia zilizoandikwa katika mkataba, akiambatanisha picha sita: mstari wa ulinganifu, nane mbili, chini ya kiungo cha nyuma, mkia wa Kigothi chini ya M, tundu la magazini, na mguu wa K juu ya kishimo. Picha za mwanga wa kulala zilipigwa kwa simu iliyowekwa juu ya kioo cha kukuza, tochi ikiwa upande wa mdomo wa mtutu, taa za chumba zimezimwa. Aliomba maelezo ya bidhaa yabadilishwe yasomeke hivi:

"Luger P.08, DWM, 1917, namba 5847 c. Fremu na uma ni vya jeshi la nchi kavu. Mtutu wa mm 150 na kiungo cha nyuma cha kiwiko ni vya kisasa. Chapa za wakaguzi zimesagwa, taji-M na W.K. zimegongwa baadaye. Rangi si ya kiwandani. Magazini halali ya akiba, namba tofauti. Inauzwa bila kitako."